Mwanga Ulioachwa Dirishani

Napenda mambo yaandikwe sawasawa: picha niliyoitundika sebuleni si fotokopi, wala si ukurasa wa kalenda. Nilipewa na padri mmoja mzee siku alipofungasha vitu vyake, wakati nilipokuwa mtumishi wa serikali Beni. Ilichapwa Ulaya katika karne ya kumi na tisa. Mchongaji alikata mistari kwenye bamba la shaba, akaijaza wino, kisha karatasi ikagandamizwa juu yake. Mwanamke anamenya viazi karibu na dirisha. Paka amelala chini ya kiti.

Tangu nistaafu, huitazama kila baada ya chai ya asubuhi. Mchongaji hakuwa na rangi ya kijivu. Alikuwa na mistari tu. Kwenye ukuta wa chumba aliipishanisha na kuibananisha hadi giza likaingia. Kwenye aproni aliipinda ifuate goti. Dirishani hakugusa kitu. Mwanga wote wa chumba kile ni karatasi tupu. Na ukipitisha kidole polepole, unausikia wino umeinuka kidogo, kama mshono wa shati.

Asubuhi moja nikakuta msumari mtupu.

“Papa, nimeipeleka baiplastifie,” binti yangu akaniambia kutoka jikoni. “Karatasi inaanza kuwa ya manjano. Donc nikasema tuilinde, sawa vile tulilinda diplôme yako.”

Hapa kwetu Butembo karatasi ya thamani hutiwa plastiki, ndivyo tunavyoiheshimu. Lakini mashine ya kutilia plastiki hupika karatasi. Plastiki ikishashikamana na karatasi haitoki tena, na wino ule ungelazwa chini milele. Nilitoka kwenda kwenye duka lenye mashine hiyo bila kofia, jambo ambalo majirani walilitambua.

“Papa, usinikasirikie,” akasema mama mwenye duka, akionyesha taa iliyozimika kwa kukosa umeme. “Courant hapana, tangu asubui. Picha yako iko mu plastique, inangojea tu machine ipate moto.”

“Itoe, Mama.”

“Mais nimeplastifia mpaka diplôme za badocteur! Hakuna hata moja alikuja kulia hapa.”

“Hii si diplôme. Itoe taratibu.”

Akaichomoa huku akicheka. “Kila siku unapita hapa unatukana batu ba courant. Leo utabaambia nini?”

Malalamiko niliyowaandikia watu wa umeme ni ya haki, na sifuti hata neno moja. Nilipitisha kidole kwenye ukuta wa pichani, kisha kwenye aproni. Mistari yote ilikuwapo. Nikaanza tena upya, na mama yule akanisogezea kiti bila mzaha tena.

Nyumbani nilimwita binti yangu.

“Nawa mikono. Kausha. Sasa funga macho.”

Nikakiongoza kidole chake juu ya picha kutoka gizani, taratibu.

“Eh, Papa! Iko na mistari!” Kidole kikafika dirishani, kikasita. “Hapa hakuna kitu.”

“Hapo ndipo penye mwanga.”

Umeme ulirudi jioni, mtaa mzima ukashangilia. Picha ilikuwa tayari msumarini.