Simu Niliyoiweka Kifuani

Nakumbuka Jumamosi moja kule Hombolo, nikiwa mke mchanga ambaye hata masufuria ya ukweni sijayazoea, mume wangu Elia alipofika kutoka mjini na badala ya salamu akaniuliza simu yangu naizima kwa ajili ya nani. Tulia unisikilize, mwanangu, maana nusura ndoa yangu iishie siku ile. Leo bado naishi na mwanamume yuleyule, na tunachekeana, na kwa hilo namshukuru Mungu kwanza, kisha mama mkwe wangu.

Elia alikuwa dereva wa ofisi moja mjini Dodoma, nyumbani anakuja mwisho wa wiki tu. Alininunulia simu ya kupangusa, ya kwanza pale kwetu, ili tuwe tunaongea jioni. Niliipenda kupita kiasi. Mwanzoni tuliongea kila siku. Baadaye vile vijistari vya mtandao vikaanza kuja na kuondoka, mwishowe vikapotea kabisa. Mimi sikujua maana yake. Simu ilipiga picha, ilicheza nyimbo, tochi iliwaka, basi nikaihesabu nzima. Nikaamini yeye ndiye kanichoka, hapigi tena. Naye kule mjini kila akipiga anaambiwa sipatikani, na mjini hakosekani rafiki wa kumweleza mke asiyepatikana anafanya nini.

Kwa hiyo Jumamosi ile tulikutana wawili wenye donge, kila mmoja akingoja kuombwa radhi. Aliposema nazima simu nilimjibu kwa ukali, ulimi nilikuwa nao enzi zile. Naye akasema Jumatatu ananirudisha kwetu, wazee wakae wazungumze habari ya ng'ombe wa mahari. Aliposema ng'ombe nikajua hatanii.

Mama mkwe alikuwa pembeni anapepeta uwele. Mgogo hasa, Kiswahili chake cha kuokoteza, na darasani hakuwahi kukaa. Wakwe wengine mwana wao akinuna wananuna naye, hawaulizi. Yeye aliweka ungo chini, akajipangusa mikono, akaagiza simu zote mbili ziletwe mbele yake.

"Redio yangu ikinyamaza," alisema, "sisemi redio mbaya, sisemi betri mbaya. Betri napeleka kwa redio ya jirani, ya jirani naleta kwangu. Ndiyo najua. Haya, na nyinyi hamisheni hizo laini zenu."

Elia hakutaka, lakini mama ni mama. Akachomoa laini yake, akaiweka kwenye simu yangu. Tukangoja. Mtandao hakuna, na laini hiyohiyo ilikuwa inakamata vizuri mkononi mwake, palepale tuliposimama. Kisha laini yangu ikaingia kwenye simu yake. Vijistari vikapanda mpaka juu, na simu ikaanza kulia mfululizo. Ujumbe wote alioniandikia wiki ile ulikuwa unaingia, na anayeupokea ni yeye mwenyewe. Wa kwanza ulinijulia hali. Uliofuata uliuliza amenikosea nini. Wa mwisho sikusomei. Aliusoma yeye, akakaa chini kwenye kigoda, akafunika uso.

Mama mkwe hakumsuta. Alisema tu kwamba mgonjwa ni simu, tumpeleke mgonjwa, akarudia uwele wake.

Jumatatu nilipanda gari na Elia, ila si kwenda kwetu. Tulikwenda kwa Fundi Saidi, mzee wa pale mjini mwenye kibanda karibu na soko. Alibonyeza tarakimu fulani, namba ya utambulisho wa simu ikatokea kwenye kioo. Akasema hiyo ni dalili kwamba ubongo wake uko hai, hivyo hana haja ya kuipuliza bodi kwa moto kama wafanyavyo wenye haraka, wakaua na kilichokuwa kizima. Alipoifungua, vile vibati vidogo vinavyogusa antena vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Akauliza kama iliingia maji. Nikasema hapana. Akauliza basi nikiwa kazini naiweka wapi.

Niliona aibu, wanaume wawili wananitazama. Nikajibu kifuani, ndani ya sidiria, kutwa nzima kwenye shamba la zabibu.

"Hilo ni jasho, binti yangu. Jasho lina chumvi, linakula vyuma," alisema. "Kwa nini usiiache nyumbani?"

"Akipiga nisimkose."

Fundi aliinama akaendelea kusugua kwa mswaki na spiriti. Elia aliushika mkono wangu hapohapo sokoni, mbele za watu, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi, na hakuuachia mpaka mtandao uliporudi.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Simu ikikosa mtandao, usikimbilie kulaumu kijiji wala kununua laini mpya. Weka laini yako kwenye simu ya mwenzio, na yake kwenye yako, mkiwa mahali pamoja. Tatizo likibaki kwenye simu, tafuta fundi anayeuliza maswali kabla ya kushika bisibisi, na umjibu ukweli hata kama unaona aibu. Na mtu wako akinyamaza ghafla, mpe nafasi hiyohiyo. Chunguza kwanza, hasira haziozi, utazikuta. Mimi nilipewa nafasi hiyo na mwanamke ambaye angeweza kabisa kumtetea mwanawe bila kuuliza lolote. Amekwisha kufariki, na sijui kama nilimshukuru inavyostahili. Nadhani sikumshukuru vya kutosha. Ndiyo maana nakusimulia wewe.

Nenda salama, mwanangu. Mungu abariki kazi ya mikono yako na nyumba utakayoijenga. Akujalie watu ambao siku usipopatikana watauliza umepatwa na nini, kabla hawajauliza umefanya nini.