Posa Iliyokwama kwenye Maziwa ya Kanada

Baba mdogo wangu ni mlinzi katika jengo moja refu la flati huko South Beach, Durban, na kwa miaka mingi amekuwa pia, kwa hiari yake na bila kuombwa na mtu, mwanasiasa wa Kanada. Hajawahi kufika Kanada. Ila zamani, tulipokuwa tumetoka Kongo na bado wageni Durban, tuliambiwa kwamba huenda familia yetu, kwa kuwa ni wakimbizi, ikapelekwa huko. Baba mdogo akaona si adabu kwenda kuishi kwa watu bila kujua ugomvi wao. Akaanza kusikiliza redio zao za Kifaransa kwenye simu, akiwa zamu pale mapokezi. Ile safari ilizimika kimyakimya, hakuna aliyetuambia ndiyo wala hapana, lakini kufikia hapo baba mdogo alikuwa ameshapata chama.

Tangu wakati huo amehama vyama mara kadhaa bila kuhama flati. Bajeti yao ikisomwa, sisi nyumbani tunakula bila kusemeshana. Siku moja nilimkuta mama mdogo anasonga fufu kwa hasira, sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iko kando, nikamuuliza kuna nini.

"Muulize baba yako mdogo," akasema. "Serikali ya Kanada imefanya kitu fulani, basi leo sombe yangu iko na chumvi nyingi."

Katika nyumba hiyo ndimo alimoingia mchumba wangu kuleta posa.

Yeye ni Mrundi, lakini amekulia Winnipeg tangu utoto, na kazi yake ni kutengeneza malori. Alikuja Durban kwenye harusi ya binamu yake, na mimi ndiye niliyeitwa kutoka saluni ninayofanyia kazi, Greyville, kumsuka bibi harusi. Aliporudi kwao tukaendelea kuongea kwa simu, mpaka siku moja akaniambia amekata tiketi, anakuja kuonana na wakubwa. Nilimwonya mambo mengi: asikatae chakula, asikae na kofia kichwani, asimwite baba mdogo "anko." Kuhusu Kanada sikumwonya. Nilidhani Kanada ndiyo sehemu anayoijua.

Alifika Jumapili baada ya ibada, suti imekaa vizuri, akiwa na mzee wa kanisa ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wake. Mama mdogo akaweka chai. Mzee wa kanisa akakohoa, akaanza kwa sauti ya sherehe:

"Sisi ni wapita njia. Tumeona ua katika nyumba hii..."

Baba mdogo akainua mkono. "Ua tutalifikia. Kijana, kule kwenu munasema nini juu ya maziwa?"

Mchumba wangu akatazama kikombe chake. "Ni mazuri, Papa. Asante sana."

"Siulizi ya kikombe, naulizia ya Kanada. Wafugaji wenu wanalindwa na serikali. Maziwa ya kutoka nje inatozwa ushuru mpaka inaogopa kuingia. Jirani wenu wa kusini anataka mlango ufunguliwe. Wewe uko upande gani?"

Mchumba wangu akanitazama. Nikatazama dirisha.

"Bon," akasema baba mdogo. "Tuache maziwa. Kanada iko na bahari tatu. Ile ya kaskazini barafu inayeyuka, meli za watu zinapita-pita. Nani anailinda?"

"Papa, kwa kweli sisi Winnipeg tuko mbali na bahari."

"Mbali? Jimbo lako liko na bandari!"

"Hapana, Papa. Jimbo letu ni mashamba tu."

Baba mdogo hakubishana. Alitoa simu, akafungua ramani, akampa. Mchumba wangu akavuta ile ramani kwa vidole, juu, juu zaidi, mpaka akaifikia bahari, na bandari ikiwa imekaa pale ufukweni kama iliyokuwa ikimsubiri. Mzee wa kanisa naye akachungulia. "Eish," akasema.

Mpaka hapo ilikuwa kichekesho, na hata mama mdogo alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Lakini baba mdogo akauliza swali jingine, safari hii kwa upole.

"Uchaguzi uliopita ulimpigia nani?"

"Sikupiga, Papa. Nilikuwa kazini, halafu foleni..."

"Uko na uraia?"

"Ndiyo, Papa. Tangu nikiwa mdogo."

"Na hujawahi kupiga kura?"

"Hapana."

Baba mdogo akaichukua simu yake, akaizima. Nilimwelewa. Kongo aliondoka kwa kukimbia, na hapa Durban kila uchaguzi unapofika yeye huwafungulia mlango wakazi wa jengo wakienda kupiga kura, akiwatakia asubuhi njema. Miaka yote aliyoishi, hakuna serikali iliyowahi kumuuliza anaonaje. Akainuka, akafunga koti.

"Kuleni," akasema. "Kijana, urudi Jumapili ijayo."

Wiki hiyo mchumba wangu alisoma kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Mchana alikuja saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja, nikawa namuuliza maswali huku nasuka. Bajeti ya jeshi? Bei ya nyumba? Bomba la mafuta lipite kwa nani? Wateja wangu walianza kutoa maoni. Mmoja alikataa katakata bomba kupita kwa watu ambao hawajaulizwa, akageuza kichwa kwa ukali mpaka rasta ikanichomoka mkononi.

Jioni tulitembea kando ya ufuko, na hapo ndipo tulipogombana kwa mara ya kwanza katika mapenzi yetu. Tuligombana juu ya ushuru. Mimi nilisema jirani akikutoza, na wewe mtoze, vinginevyo kesho atakutoza mpaka salamu. Yeye akasema ukifanya hivyo anayeumia ni mtu wako mwenyewe anayenunua nyanya dukani.

"Kwa hiyo mnyamaze tu?" nikamuuliza.

"Sijasema tunyamaze. Nimesema tutafute wanunuzi wengine."

"Ndiyo kunyamaza huko!"

Tulivuka robot mbili, taa za barabarani, bila kusemeshana. Kwenye ya tatu ikawaka nyekundu, tukasimama, akacheka, nami nikacheka, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akiuza kitu chochote kwa huyo jirani.

Jumapili ya pili alikuja bila suti, mikono ya shati imekunjwa. Mzee wa kanisa alikuwa amefupisha hotuba, lakini hata hiyo fupi hakuifikia. Baba mdogo alimwelekea mchumba wangu moja kwa moja.

"Maziwa."

"Papa, mimi napinga."

Tulikuwa tumekubaliana kwamba kwenye maziwa atakubaliana na baba mdogo, maana redio zake zote zinawatetea wafugaji.

"Unapinga nini?"

"Ule ulinzi umezidi. Mama yangu ana watoto wengi nyumbani, na maziwa ni ghali. Mfugaji analindwa, sawa. Mama yangu analindwa na nani?"

"Na mfugaji akifa njaa, mama yako atakamua nini? Lori?"

"Papa, hafi njaa. Nimetengeneza malori yao. Yanapendeza kuliko nyumba yetu."

Baba mdogo akasimama. Mchumba wangu naye akasimama, nadhani kwa heshima, lakini ilionekana kama vita. Mama mdogo, ambaye huuza vitenge mjini na hakuwahi kuchukua upande wowote juu ya Kanada tangu tuifahamu, akaweka sahani chini.

"Vitenge vya bei chee vilipoingia hapa, mimi nililindwa na nani?" akauliza. "Nilibadilisha mzigo, nikaendelea. Kaeni chini wote wawili, samaki anapoa."

Wakakaa. Wakala. Baba mdogo alitafuna kwa muda, halafu akauliza habari za ile bahari ya kaskazini, kama mtu anayetoa nafasi ya mwisho.

"Nimeisoma, Papa," akasema mchumba wangu. "Manowari ni chache. Lakini kule juu kuna wenyeji, watu wa barafu tangu zamani. Wengine wamejiandikisha na jeshi, ndio wanaozunguka na kuangalia. Wanajua kila njia, mgeni akipita wanamwona."

Baba mdogo akaweka kijiko. "Donc, kumbe ni kama mimi."

"Kama wewe vipi, Papa?"

"Pale kwetu kamera imekufa tangu mwaka jana. Jengo linalindwa kwa sababu mimi ninajua nani analala wapi na nani anakuja kumwona nani." Akatugeukia sisi wote. "Munasikia? Wanafanya kama mimi!"

Mzee wa kanisa akaona upenyo. "Kwa hiyo, mheshimiwa, tumekubaliwa ao tumekataliwa?"

"Kwa maziwa amekosea, na nitamrekebisha polepole," akasema baba mdogo. "Msichana mumepata. Lakini huyu kijana apige kura. Siwezi kuwa na mkwe aliyepewa mdomo na hautumii."

Tulifunga ndoa mwezi huo huo katika kanisa letu, na mume wangu akarudi kazini Winnipeg. Uchaguzi ulipofika alipiga simu kutoka nje ya kituo, pumzi inatoka kama moshi, akasema amepiga. Baba mdogo alikuwa zamu. Alisimama pale mapokezi akawa anamwambia kila anayeingia kwenye lifti, "Mtoto wetu amepiga kura!" Bibi mmoja wa ghorofa ya juu akamuuliza wapi, na mbona hakusikia tangazo. Alipoambiwa Kanada, akasema, "Sharp, baba," yaani safi, akabonyeza kitufe chake.

Mimi bado nasubiri hati za safari. Jumapili baada ya ibada simu hulia, na huwa nasubiri zamu yangu, kwa kuwa wale wawili wana mambo yao. Juzi ilikuwa bei ya nyumba. Baba mdogo alitaka serikali ijenge, mume wangu alitaka serikali iwapishe wajenzi, na sauti zilikuwa zimeanza kupanda. Nikampokonya baba mdogo simu, nikaenda nayo barazani.

"Umekula?" mume wangu akaniuliza.

"Bado. Na wewe?"

"Bado. Baba yako mdogo hajanipa nafasi."

Tukaongea mpaka betri ikaanza kulia.