Kipuri cha Mwisho cha Kitindamimba

Saa nne kasoro dakika tisa asubuhi. Fundi cherehani anaondoa mguu kwenye kanyagio, anakata uzi kwa meno na kugeukia kona. Kando yake, mama yake mzazi anaisimamisha sindano katikati ya kifungo.

Huko, chini ya rafu ya vitambaa, feni inaanza kuzunguka. Taa ya bluu inawaka. Hakuna aliyegusa kitu.

"Umeamka, mwanangu," mama anaisalimu kompyuta, kisha anaendelea na kifungo chake.

Mwandishi wa makala haya anatazama swichi ukutani, anatazama mlango, nywele zinamsimama. Fundi anacheka.

"Usione haya. Kuna mteja alitoka mbio hapa bado napima kiuno chake. Futi yangu akaondoka nayo."

Fundi ana miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na tisa ameshona sare za shule katika chumba hiki chenye dirisha moja. Kompyuta ilikuwa ya mdogo wake, kitindamimba wa nyumba, aliyekuwa akimkatia vitambaa. Aliinunua kuukuu, imetupwa na ofisi fulani, akaapa ataibadilisha kipuri kimoja kimoja mpaka iweze kubeba mchezo wa mbio za magari alioutamani. Ndani ya kifuniko alibandika orodha ya vipuri vitano. Figo zikamwangusha kabla hajanunua hata kimoja. Sasa ni mwaka wa tatu.

"Watu waliniambia niiuze," anasema fundi. "Niiuze vipi? Mtu ameacha orodha, na dada yake nipo."

Hesabu zake ni za sketi. Kwa wiki anashona sketi kumi na nne, na faida ya mbili ndiyo anayoiweka kwenye kopo la vifungo. RAM ilimgharimu faida ya sketi tisa. Diski mpya, kumi na sita. Kila akinunua kipuri, anakifuta kwenye orodha kwa chaki ya kushonea.

Kujiwasha kulianza mwezi mmoja baada ya mazishi, na saa haijawahi kubadilika. Ndiyo saa ambayo marehemu alikuwa akiingia kazini.

"Kila siku alichelewa," dada yake anasema. "Hata jeneza lake lilifika saa hiyo hiyo. Nililia huku nacheka."

Fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili aliitwa. Alifungua mipangilio, akatafuta mahali pa kuiamuru mashine ijiwashe yenyewe, akakuta pamezimwa. Akasema ni diski. Diski ilipobadilishwa, ikawaka tena yenyewe. Akasema basi ni pawa saplai, kile kisanduku cha kuingizia umeme. Kikabadilishwa, ikawaka. Siku hizi akipita dukani anasalimia akiwa barabarani.

Kisha ikaja kadi ya picha, ile inayochora mchezo kwenye skrini, sketi ishirini na mbili, na kosa ambalo fundi analisimulia kwa aibu. Aliipima nafasi ndani ya kasha kwa futi, akaibana kama anapima kola. Kadi ilipofika, ikazidi kwa upana wa vidole viwili.

"Nimewagombeza wanafunzi wangu miaka yote, acheni nafasi ya mshono! Halafu mimi mwenyewe nikasahau."

Ikabidi atoe kila kitu akate bati la ndani kwa msumeno. Mazabodi, ule ubao unaobeba vipuri vyote, ilikuwa juu ya meza ya kukatia, haina waya hata mmoja, na feni yake ndogo juu. Saa nne kasoro dakika tisa, feni ile ikazunguka. Mara moja tu, kama mtu anayejigeuza usingizini.

"Dirisha lilikuwa limefungwa," fundi anasema. Hacheki tena. "Hapo nikajua. Kama yumo, yumo kwenye huo ubao."

Na ubao ndio wa tano kwenye orodha. Mazabodi mpya, sketi thelathini na moja, iko chini ya meza ndani ya boksi lake. Ina miezi miwili haijafunguliwa. Bila hiyo, mchezo ule unakwama na kazi ya ndugu yake inabaki nusu. Ikiwekwa, huenda mama akakosa wa kumsalimia.

"Naogopa," anasema wazi. "Nimemzika mara moja. Mara ya pili nitaiweza vipi?"

Mama anakata uzi.

"Mwanangu, hiyo orodha aliandika nani?"

"Yeye, mama."

"Ya mwisho aliandika nini?"

Fundi anainama, analivuta boksi kutoka chini ya meza na kulifuta vumbi kwa kiganja. Kesho, anasema, ataifunga mazabodi mpya asubuhi na mapema, na jioni atacheza mchezo wenyewe, japo hajui kuendesha hata baiskeli.

Mwandishi anamuuliza mama kama yuko tayari.

"Kesho saa yake ikipita kimya, nitajua amepumzika," anajibu, akitunga uzi mara moja tu bila kukosea tundu la sindano. "Na ikiwaka, nitamwambia mimi mwenyewe. Mwanangu, kazi imekwisha, nenda kalale."