Kipupwe cha Kwanza Kijijini

Nyumba yetu mpya ilinuka udongo mbichi. Tulihamishiwa kijiji cha ujamaa baada ya mavuno, na kipupwe kiliingia kabla kuta hazijakauka. Upepo wa Singida wa miezi ile hauna huruma: ulipita dirishani ukibeba vumbi jekundu, ukazima moto jikoni, ukatupasua midomo hadi kucheka kukawa adhabu. Kule tulikotoka, kando ya msitu wa Mgori, tulikuwa na tembe, nyumba pana ya paa la udongo ambamo tulilala karibu na mbuzi na joto lao. Tembe lile lilibomolewa paa ili tusirudi. Hapa nyumba zilipangwa mstari mmoja, zote zimeelekea barabara, na madirisha yake yote yakitazama mashariki, upepo unakotoka.

Baba alisema tutazoea. Shule ilikuwa karibu. Mama alianza kwa kuacha kuimba, kisha akaacha kula, mwisho akawa analala kutwa ameelekea ukutani, mdogo wangu akimnyonya bila kupata maziwa ya kutosha. Nilikuwa na miaka tisa. Nilisonga ugali wa uwele, nikampelekea, nikaukuta jioni umekauka.

Asubuhi moja alimfunga mtoto mgongoni akashika njia ya Mgori. Nilimfuata. Vijana wa zamu ya ulinzi walitusimamisha mwisho wa kijiji.

"Shikamoo mama. Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwako ni huku, mama. Rudi."

Alirudi bila kubisha, na hilo ndilo lililoniogopesha. Tangu siku hiyo hakufungua hata mlango.

Jirani yetu, Mama Hadija, mwanamke kijana aliyeletwa kutoka upande wa Ikungi, aliona. Alikuja na ungo na uwele wake. Nilimwamkia, akapita moja kwa moja hadi kitandani.

"Mama Debora," alimwita kwa jina langu, "nisaidie kupepeta."

"Naumwa."

"Unaumwa wapi?"

Mama Hadija akaketi sakafuni. "Dada, mimi nalia kila nikiwasha moto. Mume wangu anadhani ni moshi. Twende nje."

"Nitoke niende wapi?"

"Hapo nyuma ya nyumba tu. Ukuta unazuia upepo, jua lipo."

Siku hiyo hakutoka. Mama Hadija alipepeta peke yake, akapika uji, akakaa mpaka Mama akanywa nusu kibuyu. Kesho yake alikuja tena, na siku zilizofuata, hata siku Mama alipomfukuza kwa maneno makali. Hatimaye Mama aliinuka, nadhani kwa kuchoka kubembelezwa. Waliketi juani, migongo ukutani, wakichambua mboga na kuyataja majina ya visima vya kwao. Walilia. Siku nyingine walicheka. Maziwa yalirudi polepole.

Kabla kipupwe hakijaisha, Mama alikoroga udongo akaziba dirisha.

"Mwenyekiti wa kijiji atasema nini?" Baba akauliza.

"Mwambie aje alale humu yeye."

Alizeeka katika nyumba hiyo. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kama aliizoea. "Sikuizoea," alisema. "Nilikula, nikatoka nje, nikaishi."

Sasa naishi Mwankoko, mjini Singida, katika nyumba ya matofali yenye madirisha ya vioo. Tuna majina ya hali ile. Hospitalini wanaiita sonona, na mtu anaweza kutibiwa bila kuitwa mvivu. Njia ya Mgori iko wazi, hakuna anayeuliza uendako. Ikifika Julai najilazimisha kuvaa sweta, kula hata bila hamu, na kwenda kumsalimia mtu kabla jua halijapanda sana. Hakuna aliyenifungia mlango. Hata hivyo kuna asubuhi nasimama mbele ya mlango wangu mwenyewe, ufunguo mkononi, na mkono haunyanyuki.