Msalaba wangu mweupe ulionekana chini ya sendo ya baba mkwe

Wakuu, mko salama humu? Sogeeni karibu, hiki kisa ni changu mwenyewe na sitatia chumvi hata punje. Nacheka peke yangu hapa nikiandika.

Likasi, miaka ile ya tisini, kila kitu kinaporomoka. Mimi nilikuwa fundi wa mabomba kwenye kiwanda kimoja cha madini (jina tuliache). Mshahara ulikuwa hadithi, vipuri ndiyo kabisa! Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha bomba la maji machafu yenye asidi halivujii mtoni.

Sasa chini kidogo ya bomba hilo, mama wa mchumba wangu Béa alikuwa na bustani ya lengalenga, yaani mchicha, anaimwagilia kwa maji ya mto. Bustani hiyo ndiyo iliyowalisha, na ndiyo ingelisha harusi yetu.

Kila kiungo kilichovuja nilikifunga kipande kipana cha mpira mnene, ule wa mkanda wa kubebea mawe. Nakaza kwa waya, napiga msalaba wa rangi nyeupe.

Nikirudi, waya uko chini, mpira hakuna! Asidi inatiririka tu.

Mama mkwe akawaka:

— Mayi inaunguza lengalenga yangu yote! Batu batakula nini ku mariage? Mipira? Kama ile tiyo, ile bomba yenu, haipone, hakuna mariage!

Wakuu, nilikonda.

Jumapili moja baada ya misa nikaenda kwao. Baba mkwe, fundi viatu, katulia kitini, akapandisha mguu juu ya mguu.

Chini ya sendo yake, kwenye soli ya mpira: msalaba mweupe. Wangu kabisa!

Kicheko kilinibana nikajifanya nakohoa, Béa akakimbilia kuniletea maji. Ningesema nini? Kwetu humwiti baba wa mchumba wako mwizi, tena mbele ya mkewe. Nilikuwa na hasira, lakini kicheko kilishinda.

Kesho yake nikachukua mpira wa ndani wa tairi la lori, nikaukata kamba nyembamba kama kidole, nikazizungusha kwa kuvuta, tabaka juu ya tabaka. Kamba ile haitoi soli hata ya kichanga! Na kumbe inabana kuliko ule mpana.

Hakuna aliyegusa tena. Kila asubuhi napita nikikagua kiungo kwa kiungo, naimba. Lengalenga zikarudi.

Siku ya harusi tunazila hizo hizo, baba mkwe akaniinamia sikioni:

— Mutoto, ule muntu wa tiyo anakata mipira mudogo sana. Miye sipate tena soli.

Nikainamisha kichwa.

— Pardon, baba.

— Hapana. Ukate vile vile. Mama njo anacheka sasa.

Nilichojifunza: bomba usingoje livuje ndipo ulitazame, na ukiliziba, tumia kitu ambacho hakuna atakayekitamani.

Mama mkwe hajui mpaka leo, kwa hiyo aliye Likasi tafadhali asimwonyeshe uzi huu. Wenzangu wa mabomba, nyie mlikuwa mnaibiwa nini? Tena na wakwe zenu?