Bendera Iliyorudi Nyuma Nusu Siku

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekewa mezani ndege isiyo na nchi. Ilikuwa ya mbao ya paina kutoka Madaba, imepigwa msasa ikalainika, imepakwa kijivu, na haikuwa na hata nukta moja ya kusema ni ya nani. Ng'ambo ya meza alikaa Fundi Mkuu, kofia ya sufu imeshuka mpaka masikioni kwa baridi ya Songea ya mwezi wa sita. Alikuwa fundi injini aliyestaafu jeshini, akafungua karakana jirani na soko kuu, akitengeneza ndege za kivita za mfano: za maofisini, za mashuleni, na za sebuleni kwa wastaafu ambao hawakuwa tayari kusahau.

Mimi nilikuwa nimetoka kuchora mabango ya saluni na migahawa. Nilidhani rangi ni rangi.

"Hii ni ya Mwingereza wa zama zile za vita," alisema. "Itabeba alama ngapi za taifa?"

Nikatazama. "Nne. Mbili juu ya mabawa, mbili ubavuni."

"Hesabu tena. Aliyeko chini shambani, akiangalia juu, ataijuaje?"

"Basi sita."

"Sita. Na ya Mmarekani?"

Nikaona nimeshaijua biashara. "Sita."

"Nne. Nyota ya juu iko bawa la kushoto peke yake, ya chini bawa la kulia peke yake, na mbili za ubavuni. Binti, humu ndani ukishahesabu, unahesabu tena."

Tangu siku hiyo nahesabu kila kitu mara mbili, hata magoti yangu kabla ya kusimama. Tukapatana muda wa majaribio. Alitaka miezi sita, nikasema mmoja. Akaja mitano, nikapanda mmoja na nusu. Tukaishia mitatu, kila mmoja akiamini kamzidi mwenzake ujanja.

Ninyi mnaoanza leo mna stika zilizochapwa tayari. Sisi alama tulizichora. Duara ulilipiga kwa bikari iliyofungwa brashi nyembamba mahali pa penseli, unazungusha mkono umeshika pumzi. Mstari ulionyooka uliuziba pande zote kwa tepu ya karatasi, unapaka, unasubiri rangi ikauke nusu, halafu unabandua tepu. Ukibandua mapema rangi inatambaa, ukichelewa inakatika kama ukoko wa ugali. Kila tabaka la rangi tuliliita mkono: mkono wa kwanza, mkono wa pili. Na rangi ina mpangilio wake. Mwingereza ana nyekundu katikati na bluu nje, Mfaransa ana bluu katikati na nyekundu nje. Mwezi wangu wa pili nilibadilisha hizo mbili kwenye ndege ya Mfaransa, alama zote sita, kwa ustadi mkubwa.

Fundi Mkuu aliizungusha mkononi. "Safi sana," alisema. "Umeteka ndege ya watu."

Nikaikwangua siku mbili.

Lakini kilichowashinda wengi ni bendera yetu wenyewe. Watu huijua kutoka daftarini: kijani juu upande wa mlingoti, bluu chini upande unaopepea, na mstari mweusi wenye kingo za njano ukipanda kati yao. Ukiichora hivyo ubavu wa kushoto wa mkia wa ndege, umepatia. Ukiichora hivyo hivyo ubavu wa kulia, umeharibu, kwa sababu mlingoti lazima uelekee puani mwa ndege. Ndege ikienda mbele, mlingoti hutangulia na kitambaa hufuata. Kwa hiyo upande wa kulia bendera hugeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo, kijani ikatangulia. Usipoigeuza, bluu inatangulia, na anayejua mambo haya ataona ndege yako inarudi nyuma angani.

Nilikaa chini ya Fundi Mkuu mpaka macho yake yalipokataa kazi. Alinipeleka pia Peramiho, kwa fundi samani mmoja, nijifunze vanishi. Nilikwenda kwa wiki sita, nikarudi baada ya miezi minane kwa sababu kila nilipomwambia yule fundi nimemaliza, alipitisha kucha juu ya mbao na kusema, "Bado." Kisha karakana ikashikwa na Meneja, mpwa wa Fundi Mkuu, kijana wa kompyuta, mwenye haraka na adabu kwa pamoja. Alileta mashine ya stika. Mimi akanibakiza kwa oda za watu wagumu.

Oda ya mwisho ya watu wagumu aliileta Kapteni. Alikuwa kapteni mstaafu, mwenyekiti wa chama chao cha wastaafu hapa mjini, mtu wa kicheko kikubwa kinachomtangulia mlangoni. Alitaka ndege ya uchukuzi wa askari, mabawa ya mita moja, ya kutundikwa kwenye ukumbi wao siku ya mkutano wa mwaka. Akatoa picha ya zamani. Mkia wa ndege, ubavu wa kulia, na mbele yake kijana mwembamba ameshika kopo la rangi, anatabasamu.

Nikaitazama bendera. Nikaitazama tena.

"Kapteni, hii imekosewa. Bluu imetangulia."

"Ndiyo raha yake, mama!" Akacheka mpaka stuli ikalia. "Huyo ni Faustini, mpaka rangi wetu. Siku hiyo aliirudisha ndege nyuma. Tunamwita Rivasi mpaka leo. Sasa chora kama ilivyo pichani, tuifunue mbele yake."

"Mwenyewe anajua?"

"Akijua utamu unaisha. Siku tano zinatosha?"

"Kumi na mbili."

"Saba."

"Kumi, na usije kuchungulia."

Tukashikana mikono kwenye kumi. Meneja alifurahi. Alisema picha ndiyo ushahidi, mteja ndiye mteja. Mimi sikutulia. Nilianza mbao, nikaiacha, nikazunguka soko bila kununua hata nyanya, nikarudi. Kwa miaka yote nilikuwa nimefundishwa kitu kimoja tu: alama iwe sahihi. Hakuna aliyeniambia sahihi kwa nani.

Siku ya tatu akaja mwanamke na begi la daftari begani. Alikuwa Mwalimu Imakulata, binti wa huyo Faustini, ametoka Madaba kwa basi la asubuhi. Habari zilikuwa zimemfikia. Watu wa Kapteni hawana siri inayokaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu."

"Nakuomba uipake sawasawa." Hakukaa hata nilipomsogezea stuli. "Baba mikutano miwili hakwenda kwa sababu ya hilo jina. Mwaka huu nimembembeleza, amekubali. Akifunuliwa kile kitu mbele ya wenzake, wajukuu wamekaa pale, hatatoka tena nyumbani. Namjua."

"Na nikiipaka sawasawa, Kapteni ataniambia si ndege ile."

"Kwani ndege ile ilikuwa ya Kapteni?"

Kesho yake nikapanda basi la njia ya Njombe, nikashuka Madaba, nikamuuliza mwenyewe. Kazi nyingine haihesabiki ukiwa mbali.

Mzee Faustini alikuwa uani anapaka rangi mlango wa banda la kuku. Mlango wa kuku, lakini kingo zote kaziba kwa tepu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usiguse hapo, bado mbichi."

Nikamweleza mimi ni nani na nimeagizwa nini. Sikumficha kitu, hata ule mpango wa kufunua. Brashi yake haikusimama.

"Kwa hiyo Rivasi anatengenezewa sanamu," alisema.

"Mzee, ulikosea au picha inadanganya?"

"Nilikosea." Akaichovya brashi. "Nilipaka kushoto vizuri, nikahamia kulia na karatasi ile ile mkononi, nikaifuata. Mpiga picha akapita, nikasimama nicheke. Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa sita mkaguzi akaja, akaona, akaniita majina ambayo siwezi kukutajia mbele ya kuku. Nikaanza upya. Jua halijazama, bendera ilikuwa imekaa sawa, na ndege ikaruka kesho yake ikiwa sawa. Haijawahi kuruka siku hata moja na lile kosa."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wao wana picha." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ya pili hakuna aliyepiga."

"Uliikwangua ile ya kwanza?"

"Muda ungetoka wapi? Nilipaka juu yake. Ukipitisha kidole pale mkiani ulikuwa unaupata mstari wa zamani chini ya mpya, umekatiza kama mkasi. Miaka yote niliyohudumia ile ndege, kila nikipita nilikuwa naugusa."

Nikanyanyuka. Akaniuliza mbona naondoka bila kuaga, chai inachemka. Nilikuwa nimeshafika barabarani.

Siku zilizobaki nilifanya kazi ambayo sijaifanya tena. Kushoto nilipaka bendera kama daftarini. Kulia, mahali penye ukubwa wa kiberiti, nilipaka kwanza kosa: bluu mbele, mstari mweusi ukipanda upande usio wake, rangi nzito, tepu imebanduliwa ili ukingo usimame. Nikaacha ikauke kabisa. Halafu juu yake nikapaka bendera sahihi, kijani mbele, mkono wa kwanza, mkono wa pili. Meneja alipita, akatikisa kichwa.

"Mama, umepaka kitu ukakifuta. Siku nne zimepotea."

"Hazijapotea. Ziko chini."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa pilau, soda na magoti mabovu. Ndege ilining'inizwa chini kidogo, usawa wa kifua, imefunikwa kanga. Mzee Faustini alikaa mstari wa pili, shati jeupe limefungwa kifungo cha mwisho, Mwalimu Imakulata kamshika mkono. Alishajua kinachokuja, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia. Ila sikumwambia nimefanya nini.

Kapteni akasimama. "Ndugu zangu, leo tunaye shujaa aliyeifundisha ndege kurudi nyuma!" Kicheko kikaanza kona ya mlangoni. "Rivasi, njoo ufunue mwenyewe."

Mzee akainuka. Binti yake akamvuta, akajinasua. Akafika, akavuta kanga.

Kicheko kilikatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri. Kapteni akainama, akaangalia ubavu wa kulia, akanigeukia.

"Mama, tulikubaliana kama pichani! Hii si ndege yetu. Hii imekaa sawa."

"Kapteni," nikasema, "ya pichani ipo. Sijakupunja."

"Ipo wapi?"

Nilifungua mdomo, lakini Mzee Faustini alikuwa ameshaweka kidole mkiani. Hakuwa ananisikiliza tena. Kidole kilipita juu ya kijani polepole, kikasimama, kikarudi, kikasimama palepale. Watu wa nyuma wakaanza kuuliza kuna nini. Halafu akaushika mkono wa Kapteni, mkono mkubwa wa mtu aliyezoea kuamrisha, akaupeleka pale.

"Pitisha."

Kapteni akapitisha. "Kuna kitu chini."

"Ndiyo ya saa nne asubuhi. Hii unayoiona ndiyo ya jioni. Wewe jioni hukuwepo, ulibaki na picha ya asubuhi tu."

Mmoja akasema, "Hebu na mimi." Wakapanga foleni, wazee ishirini na mmoja, nilihesabu mara mbili, kila mmoja akinyoosha kidole. Wa tatu aliapa kwamba hata yeye alikuwa anakumbuka ule mstari uwanjani. Anaweza kuwa alisema uongo. Kapteni alisimama pembeni na soda yake, kisha akamwita mzee kwa jina lake, Faustini, akamuuliza kama ameshakula. Mwalimu Imakulata alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na kitu.

Nilistaafu wiki ile. Watu huuliza nilijifunza nini kwa miaka yote hiyo ya kupaka nchi za watu juu ya mbao. Nawaambia alama ya taifa si pambo. Ni jibu la swali la mtu aliyeko chini, na kabla ya kulijibu umwendee aliyekuwepo, hata kama nauli ni yako. Wanatikisa kichwa, wananiambia nipumzike sasa. Kupumzika nimejaribu mara mbili.

Kwa sababu siku ile, watu wakiwa wanaelekea kwenye pilau, Mzee Faustini alibaki na mimi karibu na ule mkia. Aliinama, akalipeleka jicho karibu kabisa kwenye ile kijani, kwa jicho la fundi.

"Ya juu umepaka mikono mingapi?"

"Miwili, mzee."

"Mimi nilipaka mitatu." Alisema kwa upole, kama mtu anayekuonyesha uzi unaoning'inia begani. "Kwa miwili, bluu ya chini bado inachungulia."

Nikatazama. Ilikuwa inachungulia kweli. Nilikwenda mpaka Madaba, nikauliza kila kitu, na mikono sikuhesabu. Tangu hapo nimeshamwomba Kapteni ufunguo wa ukumbi mara nne, dakika kumi tu, brashi moja na kikopo cha kijani. Anasema ndege imeshakubaliwa kama ilivyo na haiguswi na mtu tena. Nimeshuka mpaka dakika tano. Bado anafikiria.