Programu Iliyoandika Juu ya Uso wa Baba

Nakumbuka Alhamisi moja pale Ruiru, mwanangu, nilipomwonyesha mzee mmoja video niliyoihangaikia wiki mbili. Nilitarajia sifa, nikaambulia swali.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nasoma chuo kikuu huko Juja, nikijiona najua kila kitu kinachowashwa kwa umeme. Baba yangu alikuwa ameongoza kwaya ya kanisa letu tangu kabla sijazaliwa. Mwaka ule alifanyiwa upasuaji wa koo. Akapona, Mungu asifiwe, lakini sauti haikurudi. Ile sauti iliyokuwa ikitikisa mabati ikabaki mnong'ono. Kanisa likapanga kumshukuru Jumapili moja, nami nikajitolea kutengeneza video: nyimbo zake za zamani zilizokuwa kwenye kanda, picha zake, na wanakwaya wakimsalimia.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Kompyuta yetu ilikuwa na programu ndogo ya kuhariri video, ya bure, iliyokuja nayo kutoka dukani. Nikaidharau. Nikasema hiyo ni ya watoto. Nikatafuta ile kubwa niliyosikia watu wa runinga wanaitumia, nikaipata mtandaoni imeandikwa "bure". Lo! Vifungo mpaka macho yanauma, na kompyuta yetu maskini ikawa inachemka na kuganda kila nikisogeza kitu. Mtaka yote hukosa yote, lakini nani angeniambia? Nilipohifadhi kazi yangu, maandishi makubwa yakajichora katikati ya picha, mwanzo hadi mwisho: NUNUA SASA. Nikajidanganya kwamba watu hawatayaona.

Yule mzee niliyemwonyesha alikuwa Mzee Ndung'u, mpiga kinanda wa kwaya na rafiki wa baba, aliyestaafu kazi ya kutengeneza saa mjini Thika. Aliitazama video yote hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Wairimu, hii ni bure ya aina gani, inaandika juu ya uso wa baba yako?"

"Ni ya majaribio tu, Guka," nikamjibu, maana sote tulimwita babu kwa Kikuyu. "Lakini ndiyo mafundi wanatumia."

"Na wewe ulitaka kufanya nini?"

Nikafikiria. "Kukata, kuunganisha, kuweka sauti, na kuandika majina."

"Mambo manne. Mimi nimefungua saa za watu miaka yote hiyo na bisibisi tatu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, mwari wakwa, binti yangu. Anza na kipande cha dakika moja. Ukikiona kimetoka safi, ndipo uweke kazi ya baba yako."

Hakupaza sauti, na ndiyo maana iliniuma. Nililia kidogo, sikufichi. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ijumaa asubuhi nikafungua ile programu ndogo, nikatengeneza dakika moja tu, nikaihifadhi, nikaitazama yote. Hakuna maandishi. Hakuna kuganda. Nikaendelea, na Jumamosi adhuhuri nilikuwa nimemaliza.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Sauti ya baba ikatoka kwenye spika, sauti ya kijana, ikianzisha wimbo. Nilimwona akishika kiti cha mbele yake kwa nguvu. Halafu akasimama, akainua mikono, akaanza kuongoza! Kwaya nzima ikainuka, ikamwitikia kana kwamba ni yeye anayeimba pale pale. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka mchungaji akaweka mahubiri kando. Baadaye baba alinivuta, akaweka mdomo kwenye sikio langu, akanong'ona, "Umenirudishia."

Nimefanya kazi ya video miaka mingi tangu siku hiyo, na nimepongezwa na wengi. Hakuna aliyenipa zaidi ya neno lile moja.

Basi, mwanangu, juzi uliniuliza uanze na programu gani. Sitakutajia jina, maana majina hubadilika kila mwaka. Jiulize kwanza unataka kufanya nini, kisha tafuta ile inayofanya hayo na ambayo simu au kompyuta yako inaiweza. Tazama kama bure yake ni bure kweli, haichori kitu juu ya kazi yako wala haikufungii mlango dakika ya kuhifadhi. Jaribu kipande kifupi hadi mwisho kabla hujaingiza kitu cha thamani, na picha zako za awali, zile ambazo hujazihariri, usizifute kamwe. Usione haya kuanza na kidogo. Siku utakapokihitaji kikubwa, mikono yako yenyewe itakuambia.

Nenda ukaanze leo. Mungu aibariki mikono yako na ayape macho yako subira, na wale unaowapenda wakae mbele ya kazi yako waone kwamba uliwaona.